Sukari Mara Mbili

Penzance, 4 Oktoba 1983

Kwa Baba mkwe, Mzee Tunnicliffe,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limekubali kupanda ngazi. Mimi sijambo. Kazi ya kukata tiketi hapa stesheni ni nyepesi, na treni za huku zikifika zimefika, mbele hakuna kitu ila bahari.

Najua nimekaa kimya tangu niondoke Burton mwezi wa Juni. Sina udhuru. Kila nilipotaka kuandika nilijiuliza nimwambie nini mzee wa watu, wakati aliyetuunganisha mimi na yeye tumemzika pamoja.

Leo nina sababu. Jumapili nilifungua sanduku la mwisho, na chini ya masweta nikalikuta lile kopo la kimea cha kutengenezea bia chungu nyumbani. Hilary alininunulia siku yangu ya kuzaliwa, wiki mbili kabla hajalazwa, na hatukuwahi kulifungua. Juu ya kifuniko amebandika karatasi kwa mwandiko wake: "La Clive. Usimpe Baba akutengenezee. Jifunze mwenyewe."

Basi sikupi. Ila nifundishe. Maelezo yaliyoandikwa kwenye kopo ni mistari sita na nusu yake imefutika. Nataka bia hii itoke vizuri, Mzee. Ni kitu cha mwisho alichonipa.

Mkweo,
Clive


Burton, 9 Oktoba 1983

Mkwe wangu Clive,

Marahaba. Goti limekataa, lakini mimi na goti tumeshazoeana. Mengine ni mazima. Jirani yangu Bibi Ollerenshaw anakusalimu. Aliiona bahasha yako mikononi mwa mtu wa posta kabla yangu, akaniita juu ya ua: "Horace, kumbe mkweo hajazama baharini."

Nami nilidhani barua zimekwisha. Sisemi kwa lawama. Ulipoondoka nilijiuliza, mtoto wa pekee akifa, baba mkwe anabaki kuwa nani kwa mumewe? Nikaenda kupalilia vitunguu. Kwa hiyo nimefurahi kuulizwa, na sasa umemwamsha mwalimu wa kemia aliyestaafu. Utajuta.

Kwanza usafi. Bia haiharibiwi na mtengenezaji mvivu, huharibiwa na mtengenezaji mchafu. Osha ndoo, kifuniko, mwiko, mpira wa kuhamishia na kila kitakachoigusa bia kwa ile dawa ya unga ya kuua vijidudu, kisha suuza mpaka harufu ya dawa iishe.

Lisimamishe kopo kwenye maji moto robo saa, maana kimea kilichomo ni kizito kama asali ya msimu wa baridi. Kimimine ndooni, tia kilo moja ya sukari na maji yaliyochemka, ukoroge mpaka mwiko usikwaruze kitu chini. Jazia maji baridi hadi galoni tano. Halafu ngoja. Weka kiganja ubavuni mwa ndoo. Ukisikia uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, hapo ndipo unyunyize hamira. Hamira ni kiumbe hai. Ukiitia kwenye maji moto unaiua, na utakaa wiki nzima ukisubiri maiti ifanye kazi. Ile iliyokuja na kopo itupe, imezeeka. Nunua mpya.

Sasa maji. Haya ya Burton hupita kwenye miamba yenye jasi kabla ya kufika visimani, na ndiyo sababu watengeneza bia walikuja kujenga hapa. Ya huko kwenu hupita kwenye mawe magumu, hutoka laini mno, na bia chungu ya maji laini ni kama mtu mwenye hasira anayenong'ona. Ndani ya bahasha hii nimefunga unga mweupe kwenye karatasi. Ni jasi. Utie pamoja na sukari. Polisi wakikuuliza, wape barua hii wasome.

Mwisho, funika, na usifunue. Utatamani kuchungulia kila asubuhi. Usichungulie. Bia inajua kazi yake kuliko wewe.

Mzee wako wa ukweni,
Horace Tunnicliffe


Penzance, 23 Oktoba 1983

Kwa Baba mkwe,

Shikamoo. Habari za goti, na za vitunguu? Huku mvua na upepo, lakini afya njema.

Nimefanya kama ulivyosema. Ndoo ipo ndani ya kabati la nguo chumbani kwangu, imevikwa koti langu la zamani. Siku mbili za kwanza kimya kabisa, nikaamini nimeua hamira. Siku ya tatu nikatega sikio kwenye kifuniko nikasikia inanong'ona yenyewe. Nilikaa chini kando yake nisiende kazini mpaka dakika ya mwisho. Sijui kwa nini nakwambia hivi.

Mama mwenye nyumba wangu, Bibi Trembath, alisimama mlangoni na kitambaa puani. "Bwana Rudge, kuna mnyama amefia humu?"

"Ni bia, Bibi."

"Mume wangu naye alikuwa akisema ni bia."

Ila hajanifukuza. Ameuliza tu kama itakuwa tayari kabla ya Krismasi.

Chupa nimepata. Kuna mtu kwenye baa ya hoteli inayotazamana na stesheni ananiwekea zile za kahawia badala ya kuzitupa. Ninazo arobaini, zimeoshwa. Nifanye nini sasa?

Mkweo,
Clive


Burton, 28 Oktoba 1983

Mkwe wangu Clive,

Marahaba. Mimi mzima. Vitunguu vimeshang'olewa na vinaning'inia bandani, na Bibi Ollerenshaw amesema ni vidogo, akaomba sita.

Usijaze chupa kwa kufuata kalenda, fuata kipimo. Nunua kile kipimo cha kioo kinachoelea. Kikielea kwenye alama ile ile siku mbili mfululizo, sukari ya ndooni imekwisha kuliwa na hamira imelala. Ukifanya haraka kabla ya hapo, itaendelea kula ndani ya chupa, na gesi haitakuwa na pa kutokea.

Ili bia ipate povu, hamira hupewa sukari kidogo tena kabla ya kufungwa. Njia ziko mbili. Ya kwanza, yeyusha sukari yote kwenye maji moto kidogo, uimimine katika ndoo ya pili iliyo safi, kisha hamishia bia humo kwa mpira polepole ili machicha ya hamira yabaki chini. Sukari inakuwa imeenea sawasawa, unajaza chupa tu. Ya pili, hamisha bia bila sukari, halafu tia nusu kijiko cha chai katika kila chupa kwa faneli. Ya kwanza ni ya mtu nadhifu, ya pili ni ya mtu mwenye subira. Marehemu mama yake Hilary alipenda ya pili kwa sababu alikuwa akihesabu kwa sauti, na Hilary akiwa mdogo akihesabu naye, akiruka kumi na tatu kila mara. Zote mbili ni nzuri.

Ukishafunga vizibo vya bati, weka chupa mahali penye joto wiki moja, halafu penye ubaridi wiki tatu. Hiyo ni bia chungu, si soda. Hainywewi ya barafu, na haipendi kuharakishwa.

Mzee wako wa ukweni,
Horace


Penzance, 21 Novemba 1983

Kwa Baba mkwe,

Shikamoo. Sina moyo wa salamu ndefu, unisamehe.

Zimepasuka. Jana saa kumi jioni nilikuwa chini, nakunywa chai na Bibi Trembath. Tukasikia mlio juu. "Nini hicho?" Nikamwambia labda bomba. Ukaja wa pili, na wa tatu, halafu nikaacha kuhesabu. "Bomba gani hilo, Bwana Rudge, linalopasuka kwa zamu?" Tulipofika ngazini povu lilikuwa linatoka chini ya mlango wa chumba changu. Chupa moja ikipasuka inavunja jirani yake. Suti yangu ya mazishi inanuka kimea, na kuna kigae cha kioo kimechoma mlango wa kabati kikabaki hapo hapo.

Zimebaki tisa, na naogopa kuzigusa.

Kosa nimelijua. Kipimo nilikifuata, siku tatu badala ya mbili. Ila sukari iliingia mara mbili, ndooni na tena chupani. Sijui ilikuwaje.

Mzee, lile lilikuwa kopo lake. Alisema nijifunze mwenyewe, na nimejifunza kuliharibu. Nilifagia vioo nikiwa nimepiga magoti, na Bibi Trembath akaniletea beseni.

Mkweo,
Clive


Burton, 24 Novemba 1983

Mkwe wangu Clive,

Marahaba. Mimi mzima, na nakuandikia dakika hii hii ili niwahi posta, kwa sababu ya hizo tisa.

Usiziguse kwa mikono mitupu. Vaa koti zito, glovu na miwani. Zifunike kwa blanketi lililoloweshwa, uzihamishie penye ubaridi, bandani au nje, na uziache siku mbili zipoe zitulie. Kisha moja moja, ukiwa umeifunga kwa taulo, inua kizibo kwa kifungulio kiasi cha unywele. Itapumua. Ikianza kupanda povu, bana. Rudia kesho, na kesho kutwa, mpaka ipumue kama mtu aliyelala. Halafu funga kizibo kipya. Chupa tisa si bia iliyopotea. Tisa ni bia.

La pili. Kosa ni langu. Mtu anayeanza hupewa njia moja. Mimi nilikupa mbili, kwa sababu napenda kuonekana najua mbili.

La tatu, na hili linanizunguka kichwani tangu niifungue barua yako. Miaka thelathini na minne nilisahihisha taarifa za majaribio ya maabara. Mwanafunzi aliyefanya peke yake hukosea kwa namna moja: husahau, au huzidisha. Lakini jambo likifanywa mara mbili kwa njia mbili tofauti, na kila njia ikafanywa sawasawa, basi mezani palikuwa na mikono minne. Mmoja alitia sukari ndooni akaondoka kidogo. Mwingine akatia vijiko chupani, akidhani anasaidia.

Sikuulizi, Clive. Hii si taarifa ya maabara. Nimesema tu kwamba nimeona, ili usije ukachoka kwa kunificha.

Mzee wako wa ukweni,
Horace


Penzance, 15 Januari 1984

Kwa Baba mkwe,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Natumai baridi haijakulaza. Kadi yangu ya Krismasi ilikuwa na jina tu, na najua ulilisoma jina lile kwa muda mrefu kuliko linavyostahili.

Ulisema huniulizi. Ndiyo maana imenichukua wiki saba. Ungeuliza, ningekujibu kwa uongo mfupi na tungemaliza.

Anaitwa Morwenna Hosken. Ndiye wa baa ya hotelini, aliyekuwa akiniwekea chupa. Siku ya kujaza alikuja kusaidia kufunga vizibo. Nilikuwa nimeshayeyusha sukari ndooni, nikashuka kumlipa muuza makaa. Barua yako ilikuwa mezani, imefunguka kwenye ile njia ya pili. Aliisoma, akachukua faneli na kijiko. Niliporudi alikuwa chupa ya thelathini na nane, na hakuacha kuhesabu ili anisalimie. Sikumwambia kitu. Nilijua ni mara mbili, Mzee. Nilijua pale pale. Ila alikuwa amefurahi sana kunifanyia kitu, na mimi nikajiambia labda haitadhuru.

Zilipopasuka alilia kuliko mimi. "Nimeharibu kitu cha mke wako," alisema, "na wewe ukaniacha niharibu." Hakuja kwa siku kumi. Aliporudi alisimama mlangoni bila kuvua koti. "Mwandikie yule mzee. Mimi sitaki kuwa mtu wa kufichwa kabatini pamoja na chupa."

Sijamsahau Hilary. Naandika sentensi hii nikijua kila mtu aliye katika hali yangu huiandika. Nimelelewa kwenye nyumba ya watoto yatima, unajua. Hilary ndiye aliyenipa mtu wa kumwita Baba mkwe, na naogopa kwamba kwa kupata huyu nakupoteza wewe. Nisipopata jibu nitaelewa, lakini nitaendelea kwenda mlangoni kila posta inapopita.

Chupa tisa zote zimepona. Nilifanya kama ulivyoagiza.

Mkweo, kama bado ni mkweo,
Clive


Burton, 26 Februari 1984

Mkwe wangu Clive,

Marahaba. Nilipata mafua ya kifua, yamepita. Siyo yaliyonichelewesha, na sitaki kuyasingizia.

Nilikasirika. Si kwako, wala kwa huyo binti ambaye simjui. Nilikasirika kwamba dunia imeendelea na wewe umeendelea nayo, na mimi nimebaki na vitunguu. Nilikuandikia barua tatu. Ya kwanza ilikutakia kila la heri kwa adabu sana, kama mtu anavyomwandikia mpangaji aliyehama. Niliisoma tena nikaona haya, nikaitia jikoni kwenye moto. Nyingine mbili zilikuwa ndefu zaidi na mbaya zaidi.

Jumanne Bibi Ollerenshaw alikuja kurudisha sufuria. "Horace, una sura ya mtu aliyemeza kizibo."

Nikamwambia yote. Alinisikiliza akiwa amesimama, jambo ambalo kwake ni la ajabu. Kisha akasema, "Hilary ulimpoteza kwa sababu hukuwa na la kufanya. Huyu unampoteza kwa sababu umekosa stempu?"

"Stempu ninazo."

"Basi una kingine unachokosa," akasema, akachukua vitunguu vinne akaenda zake.

Nilienda makaburini nikamweleza Hilary. Hakuna aliyenijibu, bila shaka. Mimi ni mtu wa sayansi. Lakini nilipokuwa nasema kwa sauti niligundua sina shtaka. Nilikuwa nimebeba hofu tu, nikidhani ni shtaka. Nimehofu kuwa mzee asiyeandikiwa.

Kwa hiyo njooni Pasaka, wote wawili. Chumba cha juu kina vitanda viwili na mlango usiofunga vizuri, mtanisamehe. Leteni chupa tatu kati ya tisa. Zisimamisheni wima njia nzima, msizilaze hata kwenye kona, maana machicha yakitibuka hukaa siku mbili kutulia, nami sitangoja siku mbili. Mwambie Morwenna aniulize chochote atakacho, ila asiniulize kama bado nimekasirika. Swali hilo nitalijibu kwa kumchemshia chai.

Mzee wako wa ukweni,
Horace


Penzance, 6 Mei 1984

Kwa Baba mkwe,

Shikamoo. Habari za tangu tuachane? Tulifika salama, isipokuwa Morwenna alianza kulia treni ilipopita Bristol, hakunyamaza mpaka tulipovuka daraja la Saltash. Nilimuuliza amekuwaje. Akasema, "Ni ile habari ya kijiko."

Sijui kama wewe unakumbuka ulivyofanya. Uliifungua chupa juu ya beseni, ukamimina bila kutetereka, ukainua bilauri dirishani, ukaonja. Sisi wawili tulikuwa tumekaa kama watuhumiwa. Kisha ukasema jasi ilikuwa ndogo. Halafu ukamgeukia.

"Wewe ndiye wa vijiko?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Kijiko chako kilikuwa na kilima au kilikuwa bapa?"

"Bapa. Nusu, bapa."

"Vyote arobaini?"

"Vyote."

"Basi hukukosea. Mwenye kosa ni aliyeona akanyamaza, na aliyeandika mno. Kunywa."

Amekuwa akilirudia hilo kwa wateja wa hotelini, na hakuna anayeelewa.

Sasa nina ombi, na nimelikalia wiki mbili. Tutafunga ndoa tarehe 1 Septemba, Jumamosi, katika kanisa la kwao, Madron. Unajua watu wanavyokaa kanisani: wa bibi harusi kushoto, wa bwana harusi kulia. Nilipomwoa Hilary wewe ulikuwa kushoto, mahali pako. Upande wangu walikaa walezi wawili wa nyumba ya watoto, na mama yake Hilary, Mungu amrehemu, aliwahamisha binamu zake kumi na mmoja waje kulia ili pasionekane pengo. Sikuwahi kumshukuru.

Safari hii pengo ni lile lile. Walezi wote wawili wamefariki. Bibi Trembath amesema atakaa kulia, lakini nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ya pumzi yake.

Nakuomba ukae kulia, benchi la mbele. Najua ninalokuomba. Ukiona ni zito, njoo ukae popote, au usije, na nitakuandikia vile vile kila mwezi.

Mkweo,
Clive


Burton, 10 Mei 1984

Clive,

Marahaba. Goti limepata nafuu kwa jua hili, na vitunguu vya mwaka huu vimeota vizuri kuliko vya mwaka jana. Mwambie Morwenna nimeupata ule mkate wa zafarani alionitumia, nimeula siku tatu, na Bibi Ollerenshaw ameula siku ya nne.

Harusi ikiwa tarehe mosi Septemba, tuhesabu kurudi nyuma. Wiki tatu za ubaridi, wiki moja ya joto, siku kumi za ndoo, na wiki moja ya akiba kwa ajili ya makosa, kwa kuwa tunajuana. Ndoo ifungwe tarehe 15 Julai, isizidi. Nunueni makopo mawili, watu wa huko ni wanywaji. Nimeweka jasi kwenye bahasha, mara moja na nusu ya ile ya kwanza. Sukari ya chupani ifuate njia ya ndooni. Njia nyingine nimeisahau, msiniulize.

Nitakuja Alhamisi kwa treni ya saa nne asubuhi, ili Ijumaa nionje kabla ya wageni. Suti ninayo. Benchi la mbele linanifaa, mradi nikae mwisho kabisa karibu na njia, goti lipate pa kunyooka.

Pale mlangoni pa kanisa vijana wa kuwakalisha wageni watauliza, kama wanavyomuuliza kila anayeingia: wa bwana au wa bibi? Nimefanya mazoezi ya jibu hapa uani. Bibi Ollerenshaw anasema nalisema kwa sauti kubwa mno, na kwamba mtaa mzima umeshajua nakaa upande gani.

Baba